SIKU MBILI JUU YA MTO SHANNON



Juma hili tunasafiri mbali, mpaka kisiwa cha Ayalandi, magharibi ya Ulaya. Nchi hiyo si ngeni kabisa kwetu. Wazee wengi wa Kenya wanawakumbuka mapadre na masista wa Kiayalandi waliowafundisha kusoma na kuwatibu. Tena wanachama wa Lejio ya Maria wanajua kwamba jeshi lao lilianzishwa mjini Dublin na Frank Duff, tarehe 7 Septemba 1921, na kwamba binti wa Kiayalandi, Edel Quinn, ndiye aliyetumwa Nairobi mwaka 1936 kulieneza Afrika ya Mashariki, hali yu mgonjwa wa kifua. Alifia Nairobi tarehe 12 Mei 1944, na kaburi lake liko huko mpaka leo.

Lakini leo tunakwenda kuwatazama Waayalandi wakiwa mapumzikoni. Huko kuna vyama vya watu wenye mashua, na desturi yao ni kukusanyika mwisho wa juma, wazee kwa watoto, wakasafiri pamoja mtoni kwa siku mbili. Huenda utasema: "Hiyo ni michezo ya watu wenye nafasi. Yatuhusu nini sisi wenye majembe?" Ngoja kidogo. Mto huo ulikaribia kufungwa usipitike tena, na kilichouokoa ni michezo hiyo hiyo. Basi tupande, tuone.

MTO WENYEWE

Mto Shannon ni mrefu kuliko mito yote ya Ayalandi, karibu kilomita 360. Ukiulinganisha na Rufiji au Tana ni mdogo, lakini kisiwa chenyewe nacho ni kidogo. Unaanzia kaskazini, kwenye kidimbwi chini ya mlima Cuilcagh, unapita katika maziwa matatu makubwa yaitwayo Lough Allen, Lough Ree na Lough Derg, kisha unaupita mji wa Limerick na kumwagika katika bahari ya Atlantiki.

Sehemu ya katikati ya mto huo haina maporomoko. Nchi ni tambarare kama meza, na maji hayana haraka. Yanakwenda kama mzee atokaye kanisani Jumapili, anayesimama kumsalimu kila mtu. Wakati wa baridi mto unafurika na kuyafunika malisho ya pande zote mbili. Wakati wa joto maji yanashuka, majani yanaota marefu, na wakulima wanayakata na kuyakausha kwa chakula cha ng'ombe.

Sisi tutasafiri katika majira ya joto, maana ndipo vyama vinapotoka. Katika mwezi wa Juni na Julai usiku huko ni mfupi sana. Saa nne ya usiku bado unaweza kumwona mtu aliye ng'ambo ya mto.

IJUMAA JIONI, ATHLONE

Mji wa Athlone uko katikati ya nchi, mahali mto unapotoka katika ziwa Lough Ree. Kwenye ukingo kuna ngome ya mawe ya zamani, na karibu nayo Kanisa la Watakatifu Petro na Paulo, lililojengwa katika miaka ya 1930, lenye minara miwili inayoonekana kutoka mbali mtoni. Mjini humo alizaliwa John McCormack, mwaka 1884, yule mwimbaji mashuhuri aliyeimba "Panis Angelicus" mbele ya umati mkubwa wa waamini katika Kongamano la Ekaristi la Dublin, mwaka 1932.

Ijumaa jioni watu wanatoka kazini na kuja gatini na vikapu vyao. Tazama mashua zao. Nyingine ni mpya, nyeupe, za bei kubwa. Nyingine ni za mbao, za zamani, ambazo wenyewe wamezitengeneza kwa mikono yao miaka mingi, kila Jumamosi wakipiga randa na rangi. Nyingine tena ni majahazi ya chuma, marefu na mazito, yaliyokuwa yakibeba mizigo hapo kale na sasa yamegeuzwa nyumba, na ndani yake kuna jiko, vitanda na maua dirishani. Majahazi mengine bado yana namba na herufi M ubavuni, maana yake jahazi la injini. Hayo ndiyo yanayoheshimiwa kuliko yote, kama wazee wa ukoo.

Gati ni fupi na mashua ni nyingi. Hapo ndipo adabu ya kwanza inapoonekana. Mashua ya pili inafungwa ubavuni mwa ya kwanza, ya tatu ubavuni mwa ya pili, mpaka nne au tano. Mtu wa mashua ya mwisho akitaka kwenda nchi kavu hana budi kupita juu ya mashua za wenzake. Anapita kwa omo, yaani mbele, wala hapiti mahali watu wanapolala. Anatembea polepole, na akikutana na mwenyeji anamsalimu. Huwezi kukaa namna hiyo na jirani bila kumjua. Kabla ya giza kuingia watu wamekwisha kubadilishana chai, mkate na habari za watoto.

JUMAMOSI ASUBUHI

Saa tatu asubuhi manahodha wote wanakutana gatini. Aliyechaguliwa kuongoza safari anawasomea utaratibu: nani atangulie, nani afuate, wapi tutapumzika, upepo ukoje. Mashua ya mwendo mdogo inatangulia, ili nyingine zifuate mwendo wake. Mwishoni kabisa anawekwa nahodha mzoefu mwenye injini ya nguvu na kamba ndefu. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna anayeachwa. Injini ya mtu ikizimika, yeye ndiye anayemfunga kamba na kumvuta.

Watoto wote wanavaa makoti ya kuelea. Hilo si jambo la hiari. Sheria ya nchi inaamuru kila aliye chini ya miaka 16 avae koti hilo anapokuwa juu ya sitaha wakati mashua inakwenda. Wazazi mnaokaa kandokando ya maziwa yetu hamhitaji kuelezwa sababu. Ajuaye kuogelea naye huzama, akipigwa kichwa na ubao au akishikwa na baridi ya maji.

Kwanza tunapita chini ya daraja la mji, kisha tunafika mahali mto ulipozuiwa kwa ukuta wa mawe. Maji yanaanguka juu ya ukuta huo, na mashua haiwezi kuanguka nayo. Basi katika miaka ya 1840 wahandisi walijenga pembeni chumba kikubwa cha mawe, kisicho na paa, chenye milango mizito mbele na nyuma. Mashua zinaingia chumbani, mlango wa nyuma unafungwa. Mlinzi anafungua matundu ya chini, maji yanatoka kidogo kidogo, nasi tunashuka pamoja nayo kama tumekaa kiganjani. Maji ya ndani yakilingana na ya nje, mlango wa mbele unafunguliwa, na safari inaendelea.

Humo chumbani kuna kanuni moja ambayo watoto hufundishwa mapema: kamba unaishika mkononi, huifungi. Mashua iliyofungwa hubaki imening'inia ukutani maji yanaposhuka, na inaweza kupinduka. Mtu anashika imara, lakini analegeza kadiri maji yanavyokwenda. Wazazi wenye watoto wanaokua wanaweza kuifikiri kanuni hiyo hata kama hawana mashua.

Baada ya hapo mji unakwisha ghafula. Ni majani, ng'ombe wanaokunywa maji ukingoni, mabata na ndege wakubwa weupe waitwao swani. Njia ya maji inaonyeshwa na alama nyekundu na za kijani. Atokaye nje ya alama hizo hukwama matopeni. Karibu na viota, na penye wavuvi au mashua zilizofungwa, mwendo unapunguzwa uwe kama wa mtu atembeaye kwa miguu, ili mawimbi yasibomoe ukingo na kuzamisha mayai ya ndege. Haraka haraka haina baraka, na hapa asiye na subira anawaharibia wengine.

CLONMACNOISE

Karibu na adhuhuri, mto unapopinda, tunaona minara miwili ya mviringo na misalaba ya mawe juu ya kilima kidogo. Injini zinapunguzwa. Hapa ni Clonmacnoise, na hata wale wasiosali sana huvua kofia zao.

Mahali hapa alifika Mtakatifu Ciarán karibu na mwaka 545, pamoja na wenzake wachache. Alikuwa mwana wa fundi seremala. Masimulizi ya kale yanasema kwamba alipokwenda kusoma kwa watawa hakuwa na mali yoyote ila ng'ombe mmoja, na maziwa ya ng'ombe huyo yalimlisha yeye na wanafunzi wenzake. Alijenga kanisa dogo la miti, na baada ya miezi michache tu akafa kwa tauni, akiwa na umri wa miaka 33. Nani angetumaini kwamba kazi hiyo ingedumu? Lakini ilidumu karibu miaka elfu moja.

Sababu mojawapo ilikuwa mahali penyewe. Nchi ya pande zote ilikuwa matope yasiyopitika, ila kulikuwa na matuta ya changarawe yaliyofanya njia ya asili kutoka mashariki kwenda magharibi, na njia hiyo ilikatana na mto hapa hapa. Kila msafiri alipita Clonmacnoise, apende asipende. Wapiga mbizi wamegundua chini ya maji miti ya daraja kubwa la mbao, na wataalamu walioichunguza wamesema ilikatwa mwaka 804. Wanafunzi walikuja kutoka nchi nyingine za Ulaya. Watawa walinakili vitabu kwa mkono. Kimoja, kilichoandikwa karibu na mwaka 1100, kinaitwa Kitabu cha Ng'ombe wa Kijivujivu, kwa kumkumbuka ng'ombe wa Ciarán. Hata mfalme mkuu wa mwisho wa Ayalandi, Rory O'Connor, alizikwa hapa mwaka 1198.

Watu wa mashua wanatawanyika kati ya makaburi, watoto mbele. Wanautazama Msalaba wa Maandiko, uliochongwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, umejaa picha za Biblia kwa ajili ya watu wasiojua kusoma. Msalaba wenyewe sasa umewekwa ndani ya nyumba usilike kwa mvua, na nje umesimama mfano wake. Kisha wanakwenda kwenye mlango wa kaskazini wa kanisa kuu, ambao juu yake wamechongwa Mtakatifu Patrisi kati ya Dominiko na Fransisko. Mlango huu una ajabu yake. Mtu akinong'ona upande mmoja, akiwa ameelekea mawe, aliye upande wa pili anasikia maneno yote, na aliye katikati hasikii kitu. Wenyeji husimulia kwamba zamani wenye ukoma waliungamia hapo, padre upande huu na mgonjwa upande ule, bila kugusana. Watoto wananong'onezana na kucheka, lakini mama mmoja mmoja utamwona amesimama kimya, mkono juu ya jiwe.

Clonmacnoise iliteketezwa na kuporwa mara nyingi, mpaka mwaka 1552 askari wa Waingereza waliokaa Athlone walipochukua kengele, vioo na vyote vilivyobaki. Makanisa mengi hayakuezekwa tena. Hata hivyo watu hawakuacha kuja. Kila mwaka, karibu na tarehe 9 Septemba, sikukuu ya Ciarán, waliendelea kuja kusali kati ya kuta zisizo na paa, hata katika miaka ambayo dini ya Kikatoliki ilizuiwa na sheria. Na tarehe 30 Septemba 1979 alifika hapa Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye leo tunamheshimu kama mtakatifu. Aliwakuta watu wakimngoja, kwa sababu njia ya kuja hapa haikuwa imeota majani.

USIKU WA SHANNONBRIDGE

Kutoka Clonmacnoise ni mwendo mfupi tu mpaka kijiji cha Shannonbridge, chenye daraja la mawe la matao 16 na ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, Waingereza walipomwogopa Napoleon. Mashua zinafungwa ubavu kwa ubavu, na kila familia inatoa ilicho nacho: viazi, nyama, mkate wa soda, keki. Watoto wanashindana kwa vimashua vya makasia. Baada ya chakula kinatokea kinanda cha kodiani, kisha fidla, kisha filimbi ya bati, na watu wanaimba mpaka giza lile la kuchelewa linapoingia. Wanakijiji wanakuja nao, na si kwa kusikiliza tu. Katika vijiji hivyo karibu kila nyumba ina mtu ajuaye kupiga kitu.

Furaha hiyo isitufiche jambo la huzuni. Pande zote za Shannonbridge kuna udongo mweusi wa mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Ukikatwa na kukaushwa unawaka kama kuni. Kwa miaka mingi wanaume wa hapa waliajiriwa kuuchimba, na kijijini kulikuwa na mtambo mkubwa wa umeme uliouchoma. Lakini moshi wake unaharibu hali ya hewa ya dunia yote, na mtambo ulizimwa mwezi Desemba 2020. Uamuzi huo ulikuwa na haki yake, ila baba mwenye watoto aliyefanya kazi hiyo tangu ujana ilimbidi kujiuliza atakula nini. Ndiyo sababu wenye duka hufurahi wanapoona mashua 20 zikitokea kwenye kona ya mto. Zinaleta watu wanaonunua mkate, nyama na mafuta, wanaojua njia ya kurudi mwaka ujao.

JUMAPILI NA MFEREJI

Asubuhi wanaosali wanapanda kijijini kwenda Misa Takatifu. Tusiwafiche wasomaji wetu ukweli: siku hizi katika Ayalandi wanaokwenda Misa ni wachache kuliko zamani, na wengi wao wana mvi. Parokia nyingine huko sasa zinatumikiwa na mapadre waliotoka Afrika na India. Nchi iliyotutumia wamisionari sasa inapokea wetu. Tuwaombee, wala tusijisifu, maana yaliyowapata wao yanaweza kutupata na sisi.

Baada ya Misa tunashuka tena mto, saa moja na nusu hivi, mpaka Shannon Harbour. Hapa unaingia mfereji mkubwa uliochimbwa kwa mikono ya watu kutoka Dublin, karibu kilomita 130, ukaufikia mto Shannon mwaka 1804. Kwa zaidi ya miaka 150 mfereji huu ulikuwa barabara ya nchi. Majahazi yalibeba nafaka, mawe, kuni za udongo na mapipa ya pombe. Kazi yake ilikuwa ngumu na ya hatari. Mwezi Desemba 1946 jahazi moja lenye namba 45M lilizama kwa dhoruba katika ziwa Lough Derg, na watu watatu wakafa maji. Jahazi hilo liliibuliwa mwaka 1975, baada ya kukaa chini ya maji miaka 29.

Kisha magari makubwa ya mizigo yakachukua kazi yote, na mwaka 1960 majahazi yakaacha kubeba mizigo. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha safari yetu.

Hata kabla ya hapo, mashua zilikuwa zimepungua sana mtoni. Madaraja ya zamani yalikuwa na sehemu inayofunguka ili vyombo virefu vipite. Watu wa serikali wakafikiri: kwa nini tutumie fedha kutunza madaraja yanayofunguka, na hakuna anayepita? Tujenge madaraja ya chini, yasiyofunguka. Ni hesabu ya haki, ukiitazama kwenye karatasi. Lakini daraja moja tu la namna hiyo lingeukata mto vipande viwili milele.

Basi mwaka 1954 watu wachache waliopenda mto wakakutana mjini Athlone, wakaanzisha Chama cha Njia za Maji cha Ayalandi. Hawakuwa na fedha nyingi. Waliandika barua, walikwenda kuzungumza na wakubwa, lakini zaidi ya hayo walifanya jambo moja rahisi: walipita. Waliwahimiza wenye mashua watoke, tena watoke kwa makundi, ili kila anayesimama darajani aone mto una watu. Mwaka 1961 wakaanza mkutano mkubwa wa mashua mtoni Shannon, ambao umekuwa desturi ya kila mwaka. Mtu angetazama angesema wanacheza tu. Kweli walicheza, lakini mto ulibaki wazi.

Uko mfereji mwingine, unaoitwa Royal, unaotoka Dublin kufika Shannon kwa njia ya kaskazini. Huo haukupata watu wa kuupita kwa wakati. Ulifungwa mwaka 1961, ukajaa majani na takataka, na madaraja ya chini yakajengwa juu yake. Baadaye wananchi walijitolea kwa majembe na mikokoteni, Jumamosi baada ya Jumamosi, na serikali ikasaidia. Ulifunguliwa tena mwaka 2010. Linganisha, msomaji. Mto uliopitwa ulitunzwa kwa nyimbo na chai, lakini mfereji ulioachwa ulidai jasho la miaka mingi, na waliokuwa watoto ulipofungwa waliuona ukifunguliwa wakiwa wazee.

MALALAMIKO YA WAKULIMA

Haifai kuwasifu wenye mashua bila kuwasikiliza majirani zao. Mkulima mwenye malisho kando ya Shannon anaweza kukuambia habari nyingine. Katika Novemba 2009, na tena mwishoni mwa mwaka 2015, mafuriko yaliingia majumbani na kuharibu mali. Hata katika majira ya joto mto huweza kupanda ghafula na kuozesha majani yaliyokatwa tayari. Wakulima wengi husema maji yanazuiwa yawe juu kupita kiasi kwa ajili ya mashua. Wenye mashua hujibu kwamba nchi ni tambarare na mvua ni nyingi, na mto ungefurika hata kama mashua zisingekuwapo. Ubishi huo haujakwisha.

Kuna na kosa jingine ambalo wenye mashua hawawezi kulikana. Katika miaka ya 1990 waliingia mtoni kome wadogo wenye mistari kama ya punda milia, waliotoka nje ya nchi wakiwa wamejishika chini ya vyombo. Wameenea katika maziwa na mito, wakaziba mabomba na kubadili maisha ya samaki. Hawawezi kuondolewa tena. Ndiyo sababu siku hizi wenye vyombo wanahimizwa kuviosha na kuvikausha kabla ya kuvihamisha kutoka maji haya kwenda maji mengine. Asiyefanya hivyo anaharibu kile kile anachosema anakipenda.

KWETU NYUMBANI

Jumapili alasiri kamba zinafunguliwa. Wengine wanapanda mto kurudi Athlone, wengine wanaingia mferejini kuelekea Dublin. Jumatatu kila mmoja atakuwa kazini kwake, fundi kwenye karakana, mwalimu darasani.

Sisi hatuna mashua za kupumzikia. Lakini kila kijiji kina njia zake. Kuna kijia cha kwenda kisimani, kilichokuwa kipana wakati kila nyumba ilipotuma mtu kufyeka, na sasa miiba imekifunga. Kuna daraja la magogo ambalo kila mtu anangoja mwenzake alitengeneze. Kuna kigango ambacho katekista anapiga kengele na wanaoitika ni bibi watatu. Kuna nyumba ya mgonjwa ambayo jumuiya ilikuwa ikikutana kila Alhamisi, kisha mmoja akachoka, na mwingine akachoka. Njia hufungwa kwa watu kuacha kupita, mmoja mmoja, kila mmoja akidhani wengine wapo.

Basi jumuiya yako inaweza kuanza Jumamosi hii. Chagueni njia moja tu. Mwenye mwendo mdogo atangulie, na mwishoni awekwe mtu mwenye nguvu asiyeacha mtu nyuma. Wapelekeni watoto pia, chukueni chai na mihogo ya kuchemsha, na ajuaye kuimba aimbe. Kazi ikifanywa kwa furaha, watu watauliza wenyewe itafanywa lini tena.